Kukaza

Vijana wa bendi siku hizi wanasema "kutuni gita". Sina ugomvi nao, ila mpiga udi wa taarabu hukaza nyuzi, na kitenzi hicho kinawafaa hata wanaofanya mazoezi ya opera ya kale kwa ala za enzi zake, tuseme Giulio Cesare ya Handel, ya mwaka 1724. Sema huko kwanza hulegeza: noti ya A, ambayo leo huwekwa kwenye mitetemo 440 kwa sekunde, wao huishusha hadi 415, takriban nusu toni.

Nyuzi za fidla zao ni za utumbo wa kondoo. Zikipata unyevu au joto la taa za jukwaani, sauti inahama. Fundi wa hapsikodi, kinanda cha nyuzi, hufika kabla ya wote, akakaza uzi mmoja mmoja kwa ufunguo, na mapumziko yakifika anarudi kazini wenzake wakinywa kahawa.

Wa kuhurumiwa ni mpiga luti. Mwaka 1713 mwandishi wa muziki Johann Mattheson alitania kwamba mpiga luti akifikisha miaka 80, basi 60 ameimaliza akikaza nyuzi. Na luti, kwa jina na kwa umbo, ni mtoto wa udi.