Pwani, Mpaka na Picha: Maneno ya Kuwaelezea Watu wa Mwambao wa Bagamoyo

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Bagamoyo kwa barabara ya pwani hupita Bunju, akauvuka Mto Mpiji, akaingia Mapinga. Kwa hesabu za serikali, hapo ametoka katika Mkoa wa Dar es Salaam na kuingia katika Mkoa wa Pwani. Lakini kwa macho yake haoni kilichobadilika. Minazi ni ile ile, lugha ni ile ile, na wapo wengi ambao hulala upande huu na kufanya kazi upande ule. Tena sehemu hizi mbili zilikuwa mkoa mmoja mpaka miaka ya 1970.

Tumeanza na mto huo kwa sababu unatusaidia kulitazama tatizo ambalo wafasiri, walimu na maofisa wa utamaduni hukutana nalo kila yanapoandaliwa maonyesho ya picha za zamani za mwambao wetu. Picha hizo, zikiwa katika majumba ya makumbusho au katika vitabu, aghalabu huwa na maelezo yaliyoandikwa kwa Kijerumani, Kifaransa au Kiingereza. Mfasiri hupewa maelezo hayo ayatie katika Kiswahili. Kazi huonekana ndogo, maana kila picha ina maneno matatu au manne tu. Lakini maneno hayo machache ndiyo yanayomwambia mtazamaji kwamba aliyemo pichani ni nani, na ni wa upande gani wa mpaka. Hoja yetu katika makala hii ni kwamba maelezo ya picha huweza kuchora mpaka mahali ambapo watu wenyewe hawakuuchora, na kwamba mfasiri asiye mwangalifu huuchora mpaka huo mara ya pili, safari hii kwa lugha ya wahusika wenyewe.

Pwani na mpaka katika lugha yetu

Yafaa kwanza tuyachunguze maneno mawili tunayoyatumia kila siku. Neno *pwani* limetokana na kitenzi *-pwa*, yaani maji ya bahari kupungua na kurudi nyuma. Pwani basi ni mahali panapopwa: maji yakijaa, hapo ni bahari, na maji yakitoka, hapo ni nchi kavu ambapo watu hupita na kuokota chaza na kaa. Wazee waliolitunga neno hili hawakufikiria mstari. Walifikiria eneo lenye upana, ambalo kwa siku moja huwa la pande zote mbili.

Neno la pili ni *mpaka*. Tunapotaka kuzungumzia nchi mbili zinazokutana, husema kwamba *zinapakana*. Kitenzi hiki kina kiambishi cha kutendana, kama vile katika *kupendana*, *kusaidiana* na *kuzikana*. Hapana nchi inayoweza kupakana peke yake. Kwa sarufi ya Kiswahili, basi, mpaka ni uhusiano kati ya majirani kabla haujawa alama ya kuwatenga.

Hatusemi kwamba watu wa mwambao hawakubaguana. Maneno *muungwana*, *mshenzi*, *mzalia* na *mtumwa* ni ya Kiswahili, na yaliwaumiza watu. Lakini majina mengi waliyopeana watu wa Bagamoyo na vijiji vyake yalitegemea mahali aliposimama msemaji. *Mtu wa bara* aliitwa hivyo na aliye pwani. *Mmrima* aliitwa hivyo hasa na aliye Unguja, akiitazama ng'ambo. Mshomvi, Mzaramo, Mkwere, Mdoe na Mzigua walikutana sokoni, wakaoana, na watoto wao wakaweza kujitaja kwa upande wa baba, wa mama, au wa mji walimozaliwa.

Mstari wa maili kumi

Mpaka wa namna nyingine uliletwa mwaka 1886. Tume ya wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ufaransa, ambamo Uingereza iliwakilishwa na Herbert Kitchener, ilikuwa imetumwa kuchunguza nguvu za Sultani Barghash wa Unguja zilifika wapi barani. Mwishoni mwa mwaka huo Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba mwambao wote, kuanzia karibu na mlango wa Mto Ruvuma hadi Kipini kwenye mlango wa Mto Tana, ni mali ya Sultani kwa upana wa maili kumi tu kutoka baharini. Kilichokuwa nyuma ya maili hizo kiligawanywa kati ya dola hizo mbili. Kwa hiyo *pwani*, mahali pa kupwa na kujaa, palifanywa kuwa ukanda uliopimwa kwa rula juu ya karatasi.

Mstari huo haukudumu sana upande wetu. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodishia kampuni ya Wajerumani utawala wa mwambao huu pamoja na forodha zake. Mwezi Agosti vita vikaanza Pangani, vikaenea hadi Bagamoyo na miji mingine, na Bushiri bin Salim, aliyekuwa kiongozi wake mkuu, akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Mwaka 1890 Ujerumani ililipa mark milioni 4, na maili kumi zikawa zake. Bagamoyo iliyokuwa makao ya utawala wa Wajerumani ikaachwa mwaka 1891, na Dar es Salaam ikachukua nafasi yake. Kule Kenya ukanda kama huo uliendelea kutajwa katika sheria kuwa ni wa Sultani mpaka uhuru wa 1963.

Tumeieleza historia hii kwa kirefu kidogo kwa sababu utawala uliopima nchi ulitaka pia kuwapima watu. Aliyemiliki ukanda alitaka kujua ndani yake mna kina nani, na kila mmoja apewe jina moja lisilobadilika. Picha ilikuwa chombo kizuri cha kazi hiyo.

Picha na maneno yaliyowekwa chini yake

Vyombo vya kupigia picha vilifika pwani yetu mapema. Mfaransa Charles Guillain, aliyeizuru kati ya 1846 na 1848, alikuwa navyo. Baadaye Wagoa walifungua studio Unguja, na miongoni mwao A. C. Gomes ndiye aliyejulikana zaidi. Katika Dar es Salaam ya Wajerumani alifanya kazi Walther Dobbertin, ambaye picha zake nyingi zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa la Ujerumani.

Lugha nayo ilihitaji neno. Zamani neno *sanamu*, lenye asili ya Kiarabu, lilitumika kwa kinyago, kwa mfano wa kuchongwa, na hata kwa mchoro wa karatasini. *Picha*, kutoka Kiingereza, ililiondolea sanamu mzigo wa karatasi, na *taswira* ikabaki zaidi kwa wahakiki wa fasihi. Kitendo chenyewe kikaingia katika jamaa ya *kupiga chapa* na *kupiga pasi*, tukapata *kupiga picha* na *mpiga picha*.

Hapa tunaomba msomaji aangalie jambo moja. Aliyeshika kamera ana jina la kazi, lakini aliyesimama mbele yake hana. *Mpigwa picha* ni umbo sahihi kabisa kisarufi, ila halitumiki. Hali ya nyaraka ni hiyo hiyo. Tunajua kwamba picha fulani ni ya Gomes au ya Dobbertin, lakini yule ambaye uso wake tunautazama ameandikwa tu kuwa ni msichana wa Kiswahili, au mpagazi wa Kinyamwezi, au mwenyeji. Jina lake lingeweza kuulizwa siku ile ile. Halikuulizwa kwa sababu mnunuzi wa kadi ya posta hakutaka kumjua mtu. Alitaka kuona namna ya mtu.

Tuchukue mfano wa neno *Mswahili*. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mtu wa Bagamoyo. Tangu 1900 alifundisha Kiswahili Berlin, na mwaka 1903 Carl Velten alichapisha kitabu kilichotokana na kazi yake, *Desturi za Wasuaheli*. Jina lake mwenyewe linamtaja baba na kulibeba neno *mwinyi*, ambalo pwani ni la heshima. Lakini kwa wasomaji wa Ulaya alikuwa kwanza Msuaheli, na yaliyoandikwa humo yakachukuliwa kuwa desturi za kabila zima. Kwa upande wa pili, Unguja, idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ilipungua sana kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931. Watu hao hawakufa wala hawakuhama. Wengi walichagua kujitaja kwa jina jingine. Mfasiri anayeandika *Mswahili* chini ya picha ya wakati ule yampasa ajiulize: huyu alijiita hivyo, au aliitwa?

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Utawala wa Wajerumani uliwafunga wafungwa mnyororo mmoja shingoni na kuwatembeza kazini, na picha za mambo hayo zipo. Picha za namna hiyo zimepata kuonyeshwa kana kwamba ni za watumwa wa biashara ya misafara. Kadhalika wapagazi wa Kinyamwezi, ambao wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, huelezwa kuwa watumwa kwa sababu tu wamebeba pembe za ndovu. Utumwa ulikuwepo Bagamoyo, na sheria ya kuukomesha kabisa Tanganyika ilitoka mwaka 1922 tu. Hapana haja ya kuupunguzia uovu wake. Lakini anayemwita mfungwa wa mkoloni mtumwa wa Mwarabu amembadilisha aliyeshika ufunguo wa mnyororo. Na anayemwita mpagazi huru mtumwa amemnyang'anya mtu mshahara wake baada ya kufa.

Picha ambazo watu walijipigisha

Historia hii ina upande mwingine. Tangu watu wa kawaida walipoweza kulipa wenyewe, walikwenda studio kwa hiari yao. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa Unguja mwaka 1930, na kule Lamu Omar Said Bakor alijifundisha mwenyewe kazi hii na kuwapiga picha jirani zake. Aliyekwenda studio alichagua kanzu au suti, buibui au gauni, kiti cha kukalia na mtu wa kusimama naye. Mara nyingi picha ilipotolewa zawadi, nyuma yake paliandikwa jina la mtoaji, jina la mpokeaji, na neno *kumbukumbu*. Hayo nayo ni maelezo ya picha, na yaliandikwa na mwenye uso.

Tukiziweka pamoja picha za namna hizi mbili, tunaona tofauti ambayo istilahi zetu hazina budi kuihifadhi. *Kitambulisho* ni kitu ambacho mtu hupewa na mwenye mamlaka, kikiwa na picha yake ndani. *Utambulisho* ni hali ya kutambulika, na katika hali hiyo mtu anaweza kutambulishwa na mwingine au kujitambulisha. Andiko la nyuma ya picha ya studio ni kujitambulisha. Maelezo ya kadi ya posta ni kutambulishwa.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa wanaotayarisha maelezo ya picha kwa ajili ya maonyesho na vitabu vya shule.

Kwanza, jina la mtu litangulie kila linapojulikana. Lisipojulikana, yaandikwe mahali, mwaka na kazi inayoonekana, na neno *mpigwa picha* litumike bila woga.

Pili, kabila lisiandikwe kama jambo lililothibitishwa iwapo chanzo chake ni mpiga picha peke yake. Sensa yetu ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza watu wa Tanzania Bara kabila zao. Hapana sababu ya ukuta wa maonyesho kuendelea kuuliza na kujijibu.

Tatu, maelezo ya zamani yasifutwe. Yatafsiriwe kama yalivyo ndani ya alama za kunukuu, yakitanguliwa na maneno *maelezo ya awali*, kisha yafuate maelezo yetu. Aliyefuta kosa la zamani amefuta pia ushahidi wake.

Nne, *mtumwa*, *mateka*, *mfungwa*, *mpagazi* na *kibarua* ni maneno matano yenye maana tano. Lisichaguliwe lolote kwa kutazama mzigo au mnyororo peke yake.

Tano, *mstari wa mpaka* ubaki kuwa jina la kile kilichopimwa, na *mpakani* pawe jina la mahali wanapoishi watu wanaopakana. Mto Mpiji ni mstari wa mpaka. Mapinga na Bunju ni mpakani.

Huenda wako wasomaji watakaoona kwamba tumeyapa uzito mkubwa maneno manne ya chini ya picha. Tunawaomba wamfikirie mtoto wa shule wa Mapinga anayepelekwa Bagamoyo kutazama picha za zamani. Anaposimama mbele ya uso unaofanana na wa bibi yake, hana kamusi wala mwalimu wa historia ubavuni. Ana maelezo yetu tu, na atayaamini kwa kuwa yameandikwa kwa lugha yake. Wenye maoni juu ya mapendekezo haya, hasa walio na picha za jamaa zao zenye maandishi nyuma, tunawakaribisha watuandikie, ili maneno hayo nayo yapate kuingia katika orodha zetu.