Kisawe ni cha Matumizi, Si cha Neno: Hoja Kutokana na Kitenzi cha Kiingereza “Run”

Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba wahariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford wamelipitia upya neno “run” na kukuta kitenzi hicho pekee kina maana 645. Kazi hiyo ilimchukua mtunga kamusi Peter Gilliver miezi tisa hivi. Kabla ya hapo neno lililosifika kwa wingi wa maana lilikuwa “set”, ambalo katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989, lilipewa maana takriban 430. Tarakimu hizo hunukuliwa sana, aghalabu kama maajabu ya Kiingereza. Kwangu zinaibua swali la kinadharia: maana hizo zilihesabiwaje?

Tukifungua WordNet, hifadhi ya maneno iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Princeton miaka ya 1980 chini ya mwanasaikolojia George Miller, tunakuta kitenzi hicho hicho kimegawiwa maana arobaini na kitu tu. Lugha ni moja, wasemaji ni walewale, na pengo ni la mamia. Kwa hiyo hesabu ya maana haisomwi kutoka katika neno lenyewe. Hutokana na uamuzi wa mtunga kamusi kuhusu mahali pa kukata na mahali pa kuunganisha. Samuel Johnson aliliona tatizo hili mapema. Katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755 alivitaja vitenzi vifupi vya kila siku, “run” kikiwa kimojawapo, kuwa ndivyo vilivyomtaabisha kwa jinsi matumizi yao yalivyo mapana na mipaka yao isivyoshikika.

Wanaisimu wana kipimo cha kutafuta mipaka hiyo: unaliweka neno mara moja tu katika sentensi na kulibebesha matumizi mawili kwa pamoja. Ukisema kwa Kiingereza kwamba mtu fulani “ran a marathon and a bank”, sikio linakataa, kwa sababu kukimbia mbio ndefu na kuendesha benki havikai chini ya kitenzi kimoja. Lakini ukisema kwamba barabara na reli “run along the coast”, hakuna anayestuka. Ukiweka mto mahali pa reli, wengine watakubali na wengine watasita, maana maji ya mto yanakwenda kweli ilhali barabara imelala palepale. Kusita huko ni ushahidi muhimu. Kunaonyesha kwamba kati ya matumizi mengi ya neno hili hakuna ukuta, bali mteremko, na kila kamusi hupiga mstari wake mahali tofauti kwenye mteremko huo.

Hapo ndipo suala la visawe linapoingia, na hapo ndipo naona mazoea yetu ya kufundishia yanapopotosha. Orodha za visawe vya “run” huweka pamoja maneno kama “sprint”, “flow”, “manage”, “operate”, “stretch” na “smuggle”. Kila moja lina haki yake ya kuwemo: mkimbiaji, mto, meneja, fundi wa mitambo, barabara na mpitisha silaha za magendo wote hupewa kitenzi hiki. Lakini “flow” na “smuggle” havina undugu wowote. Kama usawe ungekuwa uhusiano kati ya neno na neno, basi vyote vilivyo sawa na “run” vingepaswa kuwa sawa vyenyewe kwa vyenyewe. Haviko hivyo. Kinachoweza kuwa na kisawe ni tumizi moja la neno, likiwa na mtendaji wake na mtendwa wake. Neno zima halina kisawe.

Hata ndani ya tumizi moja, usawa hauchukui muda kuvunjika. Chukua maana ya kuongoza shughuli. Mtu anaweza “run a school”, “manage a school” au “administer a school”. Kamusi huyapanga maneno haya upande kwa upande, lakini msemaji wa Kiingereza husikia mambo matatu. “Administer” ni neno la Kilatini na la ofisini; linanusa faili na mihuri. “Manage” liliingia Kiingereza katika karne ya 16 kutoka Kiitaliano, lilipohusu kumfundisha na kumdhibiti farasi, na mpaka leo limebaki na harufu ya kupambana na kitu kinachoweza kukushinda: mtu akiulizwa hali naye akajibu “I’m managing”, anasema anajikongoja. “Run” ni la asili ya Kijerumaniki, la nyumbani, na hapa hudokeza nguvu halisi. Ukisema kwamba katibu muhtasi ndiye “runs the place”, umesema kwamba yeye ndiye mwenye mamlaka kwa vitendo, hata kama mlangoni kuna jina la mtu mwingine. Mwanafunzi anayetaka kuipamba insha yake akaliondoa neno hilo dogo na kuweka “administers” amelifuta dai lenyewe alilokuwa akilitoa.

Jiografia nayo huingilia. Mgombea wa urais nchini Marekani husemwa kwamba “runs”. Mgombea wa ubunge nchini Uingereza kwa desturi “stands”. Kitendo ni kilekile, lakini upande mmoja wa Atlantiki anakimbia na upande wa pili anasimama. Nje ya uchaguzi vitenzi hivi viwili karibu ni kinyume.

Mwanaisimu Charles Ruhl alitetea mwaka 1989 kwamba maneno ya aina hii yana maana moja tu, pana sana, na kwamba mengine yote hutokana na muktadha. Hoja yake ina uzito. Ni kweli kwamba mwendo usiokatika unayaunganisha matumizi mengi ya “run”: maji, treni, mtambo, mkataba ambao muda wake bado unaendelea. Sisi tunaosema Kiswahili tunalijua jambo hili kwa kitenzi “piga”, kwani mtu hupiga simu, pasi, picha, kura na mswaki, na si rahisi kusema hizo ni maana tano. Hata hivyo maana hiyo moja pana haimwezeshi mtu kutabiri. Hakuna awezaye kukisia kutokana na wazo la mwendo kwamba kwa Kiingereza mgonjwa “runs a temperature” na kwamba mwenye kuoga “runs a bath”. Historia huyaeleza matumizi haya baada ya kutokea. Kuyajua mtu hayajui mpaka ayasikie.

Kwa hiyo namwunga mkono mwanaisimu Adam Kilgarriff, ambaye mwaka 1997 alitangaza katika makala yake kwamba haamini kuwepo kwa maana za maneno kama vitu vilivyokwishagawanyika vyenyewe. Vilivyopo, alisema, ni mafungu ya mifano ya matumizi, yanayokusanywa kwa kusudi fulani. Kusudi likibadilika, mafungu hubadilika. Hii ndiyo sababu Oxford, inayofuatilia historia, inafika 645, na wengine wanatosheka na arobaini na kitu.

Orodha za visawe nilizozilaumu hufuata mfano wa Peter Mark Roget, na ni haki kumtetea hapa. Kitabu chake cha mwaka 1852, kilichoyapanga maneno ya Kiingereza chini ya vichwa 1,000 vya dhana, hakikufafanua maana kwa makusudi. Daktari huyo alikiandika kwa ajili ya mtu ambaye neno analijua tayari, ila limemtoka akilini. Kosa letu ni kukitoa kifaa cha kukumbushia na kukifanya cha kufundishia. Abbé Girard huko Ufaransa alikuwa ameshaandika mwaka 1718 kitabu kizima kuonyesha kwamba maneno yanayodhaniwa kuwa sawa yana tofauti zinazopaswa kuelezwa, na mkondo wake ndio uliostahili kufuatwa madarasani.

Njia ya kufanya hivyo ipo. Mwanaisimu John Sinclair na wenzake mjini Birmingham waliionyesha mwaka 1987 katika kamusi ya COBUILD, iliyotungwa kutokana na mkusanyo mkubwa wa matini halisi na iliyofafanua kila neno ndani ya sentensi kamili, likiwa na wenzake wa kawaida. Kamusi za Kiingereza–Kiswahili, tangu ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 hadi ya TUKI ya mwaka 1996, zimetufaa sana. Kinachohitajika sasa ni vitenzi vikubwa vipangwe kwa kufuata kinachotenda au kinachotendwa. Chini ya “run” msomaji akute kwamba mtu hukimbia, mto hutiririka, kamasi huchuruzika, nguo huchuja rangi, barabara hupita, injini huunguruma, kampuni huendeshwa, kiti cha ubunge hugombewa, na kwamba mwenye sukari iliyokwisha ameishiwa. Kila kisawe cha Kiswahili kiwe na mwenzake wa lazima kando yake, na pale ambapo Kiingereza chenyewe kina neno shindani, kama “manage” au “stand”, tofauti ielezwe hapohapo kwa mfano, isiachiwe alama ya mkato.