Maji Hujibu kwa Nusu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na chanzo cha ukimya huo ni kikombe cha chai. Msicheke kwanza. Hadithi hii inaanzia Kola, inapitia London ya mwaka 1831, na mahali fulani katikati inanikuta mimi nikiidanganya programu yangu mwenyewe. Leo naungama.

Kola, kwa asiyepajua, ni soko dogo kando ya barabara itokayo Machakos mjini kuelekea Wote, katika nchi ya vilima vilivyokatwa matuta ya kuzuia mmomonyoko. Shangazi yangu ana duka huko, na likizo ya Desemba iliyopita nilikuwa mgeni wake. Spika ya duka hilo ni kubwa kuliko mahitaji. Binamu yangu, mwanafunzi wa sekondari, aliweka kikombe chake juu yake, wimbo wa benga ukafika pale gitaa la besi linaponguruma, na uso wa chai ukajaa vilima vidogo vilivyojipanga safu kwa safu, kama mahindi kwenye gunzi. Besi iliponyamaza, vilima vikatoweka.

"Kaka, mbona chai inajichora?"

Nina shahada ya sayansi ya kompyuta, kwa hiyo sikusita. Nikamwambia kwamba spika inatetemeka, na chai inatetemeka pamoja nayo. Spika ikitetemeka mara 50 kwa sekunde, chai nayo ni mara 50 kwa sekunde. Jambo rahisi.

"Umehesabu?"

Sikuwa nimehesabu.

Kesho yake tulitoa spika kuukuu stoo, tukailaza chali, tukabandika kifuniko cha plastiki katikati yake na kumimina maji ya kina cha nusu sentimita hivi. Nikaandika programu ya kutoa mlio mmoja usiobadilika, mara 50 kwa sekunde. Simu yangu inaweza kurekodi video ya picha 240 kwa sekunde, kwa hiyo niliandika programu ya pili ya kutazama nukta moja ya maji ndani ya video na kuhesabu inang'aa mara ngapi kila sekunde. Tulifanyia kazi hiyo juani, maana taa za stima huwa na mcheko wake zenyewe, na sikutaka kupima taa nikidhani napima maji.

Jibu likaja: 25.

Nikabadilisha mlio kuwa 40, maji yakasema 20. Nikaweka 60, yakasema 30. Kila mara nusu kamili. Sasa, mtu yeyote aliyewahi kuandika programu za sauti anajua kwamba ukikosea kwa nusu kamili, kosa ni lako. Ukitayarisha sauti ya spika mbili, kulia na kushoto, kisha ukaipiga kana kwamba ni ya spika moja, mlio hushuka kwa nusu hasa. Nilitafuta kosa hilo hadi saa saba za usiku. Sikuliona. Basi nikafanya lile ambalo wengi wetu tumefanya na hatulisemi: nikaongeza mstari mmoja mwishoni, wa kuzidisha jibu kwa mbili. Ikatoka 50. Nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi nikamwonyesha kijana ile 50 yangu. Akaipitia programu kutoka juu hadi chini, akaweka kidole kwenye mstari ule. "Hii mara mbili ni ya nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kusoma historia.

Tuanze na mchanga, kwa sababu ndiko wataalamu wenyewe walikoanzia. Mwaka 1787 Mjerumani Ernst Chladni alichapisha kitabu kuhusu sauti. Alikuwa akinyunyiza mchanga juu ya bamba, kisha akisugua ukingo wa bamba hilo kwa uta wa fidla. Bamba likilia, mchanga unakimbia sehemu zinazotetemeka na kutulia kwenye mistari isiyotetemeka. Mlio mmoja unatoa msalaba, mwingine nyota, mwingine mikunjo mingi. Kwa mara ya kwanza watu wengi waliweza kuiona sauti kwa macho. Lakini palikuwa na fumbo: unga mwepesi sana haukufuata mchanga. Ulikwenda kinyume, ukajikusanya pale panapotetemeka zaidi.

Fumbo hilo lilimvuta Michael Faraday. Huyu ni mtoto wa mhunzi, aliyefunzwa kazi ya kujalidi vitabu, na ambaye hakuwa na hisabati ya kujivunia. Alichokuwa nacho ni mikono na macho. Mwaka 1831, katika Royal Institution ya London, alionyesha kwamba unga mwepesi hubebwa na mikondo midogo ya hewa inayozaliwa juu ya bamba linalotetemeka. Kisha, kwa kuwa bamba lilikuwa tayari mezani, akamwaga maji juu yake.

Alichokiona ndicho kile tulichokiona Kola. Uso wa maji ulijaa vilima vidogo vilivyojipanga kwa miraba. Akajaribu wino, maziwa, ute wa yai, hata zebaki. Vilima vilikuwa vya haraka mno kwa jicho, kwa hiyo alitafuta njia za kuutikisa mfumo mzima polepole, mpaka aone kilima kimoja kikipanda na kushuka. Ndipo akagundua kwamba vilima ni vya makundi mawili yanayopokezana: kundi la kwanza likiwa juu, la pili ni mabonde, halafu yanabadilishana. Na ili kilima kirudi kuwa kilima mahali pale pale, bamba linahitaji kutetemeka mara mbili. Maji yanajibu kwa nusu.

Nilisoma sentensi hiyo, nikafunga kompyuta, nikatoka nje kupunga upepo. Programu yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kosa pekee lilikuwa ule mstari nilioongeza usiku.

Faraday mwenyewe hakukaa sana na maji. Tarehe 29 Agosti mwaka ule ule wa 1831 aligundua jinsi sumaku inavyoweza kuzaa umeme, na ulimwengu ukamkumbuka kwa hilo. Vilima vyake vya maji vikabaki katika jarida la Royal Society.

Na havikukubaliwa na kila mtu. Mwaka 1868, na tena 1870, Mjerumani Ludwig Matthiessen alichapisha vipimo vyake: mawimbi yanakwenda sawa na chombo, moja kwa moja. Yaani jibu langu la kwanza pale dukani, lakini yeye alikuwa amepima. Wapimaji wawili waaminifu, majibu mawili. Ungefanyaje? Mwaka 1883 Lord Rayleigh alirudia jaribio hilo kwa uangalifu wake mkubwa, akapata nusu, kama Faraday. Miaka 52 ilikuwa imepita.

Lakini kusema "ni nusu" si kusema kwa nini. Hebu fikiria bembea. Mtoto asimamaye juu ya bembea hujichochea mwenyewe: anachuchumaa bembea ikiwa juu kabisa, anasimama wima ikipita chini. Bembea ikienda mbele na kurudi mara moja, imepita chini mara mbili, kwa hiyo mtoto amesimama na kuchuchumaa mara mbili. Mchocheo ni mbili, bembea ni moja. Maji ni vivyo hivyo. Chombo kikirushwa juu, maji yanakuwa kama yameongezewa uzito; kikishuka, kama yamepunguziwa. Kilima cha maji kinachoanguka kikipata uzito wa ziada wakati wa kuanguka, kinaanguka kwa nguvu, kinapitiliza na kuwa bonde. Bonde nalo likirudi juu linahitaji msukumo wake. Duru moja ya maji, misukumo miwili ya chombo.

Hesabu kamili ilingoja hadi 1954, pale T. Brooke Benjamin na Fritz Ursell wa Cambridge walipoonyesha kwamba kila umbo la mawimbi kwenye uso wa maji linatii mlinganyo wa Mathieu. Mlinganyo huo ulikuwa kabatini tangu 1868, mwaka ule ule wa Matthiessen, na Émile Mathieu alikuwa ameutoa alipokuwa akichunguza mtetemo wa ngozi ya ngoma yenye umbo la yai. Nilipenda sana jambo hilo. Siri ya chai kwenye spika ilikuwa imeandikwa tayari kwa ajili ya ngoma, na ikachukua miaka 86 mtu kuiunganisha na maji.

Mlinganyo huo pia unamtendea haki Matthiessen. Unasema kwamba nusu ndilo jibu rahisi zaidi kwa maji, lakini si la pekee: kwenda sawa na chombo pia kunawezekana, kukiwa na hali zake. Mwaka 1997 watafiti nchini Ujerumani waliona hali hiyo wazi kwa kutikisa tabaka jembamba sana la kioevu kwa mwendo wa polepole. Kwa hiyo swali "maji hujibu kwa nusu au sawa?" lilikosa kitu tangu mwanzo. Lilipaswa kuuliza: maji ya kina gani, yakitikiswa vipi?

Na michoro haikuishia kwenye miraba. Katika miaka ya 1990 watafiti walipata ruwaza za pande 8 na za pande 12, ambazo zina mpangilio kamili lakini hazijirudii kamwe kama vigae vya sakafuni. Mwaka 1996, huko Texas, tabaka la punje ndogo za shaba lilipotikiswa lilitoa kilima kimoja cha peke yake, kinachopanda na kushuka katikati ya uwanja mtulivu. Nacho kilikuwa kikijibu kwa nusu.

Sasa turudi nyumbani. Hadithi hii ilinikumbusha Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Tanganyika, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingia barafuni ukiwa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alipouliza darasani aliambiwa amechanganyikiwa, na wenzake wakaifanya "fizikia ya Mpemba" kuwa mzaha. Hakuliacha swali. Alimuuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye akakubali kupima, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wataalamu bado wanabishana kuhusu jambo hilo. Mwaka 2016 kundi moja lilisema halikupata ushahidi wa kutosha, na kwamba hata mahali unapoweka kipimajoto panabadilisha jibu. Sawa kabisa. Wanabishana kwa vipimo. Binamu yangu aliponiuliza "umehesabu?", alikuwa katika ukoo huo, na mimi nilikuwa upande wa wale waliocheka.

Kwa wale mnaotaka kujaribu, nawapa njia isiyohitaji kuiamini programu yangu hata kidogo. Kuna kanuni ya mwaka 1871 ya William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, inayounganisha urefu wa wimbi dogo na idadi yake kwa sekunde, ukijua nguvu ya mvutano ya dunia na mvutano wa uso wa maji. Nimeipigia hesabu. Mlio ukiwa mara 50 kwa sekunde, mawimbi yakienda sawa na spika yatakuwa na urefu wa milimita 6 hivi. Yakienda kwa nusu, yatakuwa karibu sentimita 1. Weka rula ukingoni mwa chombo, rekodi video, simamisha picha moja, pima kutoka kilele hadi kilele kinachofuata safuni. Msipime kwa jicho tupu: jicho huona vilima na mabonde yanayopokezana kwa pamoja, na utadhani mawimbi ni mafupi kuliko yalivyo. Jambo la mwisho, msiwashe spika kwa nguvu zote mara moja. Ongezeni polepole. Maji yatakaa tuli, tuli, tuli, kisha ghafla yajichore.

Sisi tulipata sentimita 1, ikipungua kidogo kwa unene wa mstari wa rula. Hakuna programu, hakuna kuzidisha. Nilifuta ule mstari mbele ya binamu yangu, naye akahakikisha kwamba nimehifadhi faili.

Nilidhani tumemaliza. Lakini juzi amenipigia simu kutoka Kola. Ameisoma habari ya Matthiessen, na anaona mzee huyo amesahaulika bila haki. Sasa anakusanya mafuta ya kupikia, kifuniko kipana zaidi, na anataka programu yangu iweze kutoa milio ya chini kabisa, ili atafute tabaka jembamba linalokwenda sawa na spika. Nimemwambia spika ile kuukuu huenda isiweze mtikiso wa polepole kiasi hicho.

Ameniuliza kama nimehesabu.

Basi wiki hii nahesabu. Mkipata vipimo vyenu, leteni, hata vikiwa vinapingana na vyangu. Na tuonane tena hapa panapo majaliwa.