Kabla ya Apdeti: Gemu Ikitoka na Kasoro, Imekula Kwako

Mdau, pata picha. Umenunua gemu mpya, umefika geto, umeiweka kwenye mashine, halafu kabla hujagusa hata kitufe kimoja inakwambia usubiri kwanza, kuna apdeti ya GB 40. Bando la mwezi linaishia hapo hapo. Unakasirika, unasema, "Bwana, gemu za zamani zilikuwa zinakuja zimekamilika!"

Kweli? Hapana aisee. Gemu za zamani zilikuwa na kasoro kibao. Tofauti ni kwamba ikishafika mkononi kwako, hakukuwa na wa kukusaidia. Leo turudi nyuma kidogo tuone wakongwe walivyokuwa wanahangaika.

Ikitoka kiwandani, imetoka

Zama za kaseti, gemu ilikuwa inachongwa moja kwa moja ndani ya chipu pale kiwandani. Huwezi kufuta, huwezi kuongeza. Ndiyo maana kulikuwa na watu kazi yao ni kucheza gemu siku nzima wakitafuta pa kuivunja kabla mzigo haujaenda kutengenezwa. Wakipitiwa, basi.

Ona Pac-Man ya 1980. Nafasi ya kuhesabia hatua ilikuwa inaishia 255. Waliotengeneza hawakudhani kuna binadamu atafika huko. Watu wakafika! Hatua ya 256 hesabu inapinduka, nusu ya kulia ya skrini inajaa herufi na namba zisizoeleweka, na vidoto vya kula havitoshi kumaliza hatua. Mwisho wa safari. Umecheza masaa kibao bila kukosea, unaishia kwenye ukuta ambao hakuna aliyeupanga.

Kampuni ikigundua kosa mapema, ilichoweza kufanya ni kurekebisha kwenye kaseti zinazofuata. The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya 1998 ina matoleo 1.0, 1.1 na 1.2 kwenye kaseti za Nintendo 64. Gemu ni ile ile, ila ndani baadhi ya makosa yameondolewa. Wewe uliyewahi kununua toleo la kwanza ulibaki nayo kama ilivyo.

Stori ya gesi ya sumu

Sasa hii ndiyo kiboko. Mwaka 1984 huko Uingereza ilitoka gemu inaitwa Jet Set Willy, ya kompyuta ndogo ya ZX Spectrum. Ilikuwa inakuja kwenye kanda ya kawaida, kama ile ya muziki. Unazunguka jumba kubwa lenye vyumba vingi ukikusanya vitu. Kampuni ikatangaza na shindano: wa kwanza kumaliza anapata zawadi.

Shida ni moja tu. Gemu ilikuwa haimaliziki.

Ukiingia chumba cha darini, kuna mshale ulikuwa unapita njia isiyo yake na kuvuruga kumbukumbu ya kompyuta. Kuanzia hapo, vyumba vingine kadhaa vinakuua ukiingia tu. Ukianza upya bila kupakia kanda tena, hali ni ile ile. Wachezaji wakalalamika. Unajua kampuni ilijibu nini kwanza? Kwamba siyo kosa, imepangwa hivyo, vyumba hivyo vimejaa gesi ya sumu!

Baadaye wakala maneno yao na kutoa marekebisho. Lakini kwa njia gani, na hakuna intaneti nyumbani? Ilikuwa mistari michache ya kodi ambayo mchezaji anaiandika mwenyewe kwenye kibodi kabla ya gemu kuanza. Yaani kiraka unashona mwenyewe, kila ukitaka kucheza. Ukikosea namba moja, rudia.

Wenye kompyuta za mezani miaka ya 90 walipata ahueni. Magazeti ya gemu yalikuwa yanakuja na diski ndani yake, na kwenye diski hizo unakuta viraka vya gemu mbalimbali.

Makosa yaliyogeuka dili

Siyo kila kosa lilikuwa balaa. Kwenye Space Invaders ya 1978, ukiwapunguza wavamizi, waliobaki wanakimbia zaidi. Sababu ni kwamba mashine ilikuwa imeelemewa, ikipunguziwa mzigo inachangamka. Mtengenezaji akaona inanoga, akaiacha.

Na zile kombo za Street Fighter II ya 1991? Wakati wa ukaguzi ilionekana kwamba ukiwahi kwa kipimo sahihi, unaweza kuunganisha pigo juu ya pigo. Haikupangwa. Ikaachwa kwa kudhaniwa ni ngumu mno kutumika. Leo nitajie gemu ya ngumi isiyo na kombo.

Dawa kwa waya, dawa kwa posta

Pokémon Ruby na Sapphire zilikuwa na saa ndani ya kaseti. Baada ya kama mwaka mmoja saa inakorofisha, matunda uliyopanda hayakui tena. Suluhisho? Unatafuta mwenzako mwenye toleo jipya zaidi, kama FireRed au Emerald, mnaunganisha mashine zenu kwa waya, dawa inapita kutoka kaseti hadi kaseti.

Na usidhani haya yaliisha zamani sana. Mwaka 2010, Metroid: Other M ya Wii ilikuwa na mlango unaoweza kujifunga moja kwa moja ukifuata njia fulani. Nintendo ikawaambia wateja Marekani watume kadi ya kumbukumbu, au mashine yenyewe, ili seivu yao irekebishwe.

Kwa hiyo nani alikuwa na afadhali?

Zamani kosa lilikuwa la milele, hivyo kampuni iliogopa kukosea, maana kurudia kuchapa kaseti ni hela. Hata hivyo likipita, aliyeumia ni mtoto aliyepoteza seivu yake. Leo kosa linarekebishika, na uoga nao umepungua. Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020 ikiwa na hali mbaya hadi Sony wakaitoa kwenye duka lao la mtandaoni. Ikaja kutengemaa baadaye, kwa apdeti juu ya apdeti, na bando linalipwa na nani? Na wewe.

Zama zote mbili, gharama ya kosa inamwangukia mchezaji. Kilichobadilika ni kwamba sasa hivi inakatwa kwa MB.

Wewe gemu gani iliwahi kukugandia pabaya? Shusha stori yako hapo chini.