Ndege Aliyetaka Moto

Nikibuni hadithi, jambo la kwanza namtafuta adui. Katika kisa cha kigong'ota mmoja wa Marekani nilimpata upesi: moto. Kumbe nilimsingizia!

Ndege huyu, mdogo, mwenye shavu jeupe, huishi kwenye misonobari ya kusini-mashariki mwa nchi ile. Wenzake hutoboa miti mikavu. Yeye, eti, lazima mti uwe hai, tena mzee, ikiwezekana ulioozeshwa moyo na kuvu. Tundu moja humchukua mwaka, pengine miaka kadhaa. Akishalimaliza huyadonoa maganda kandokando, utomvu unatiririka, nyoka hapandi. Fundi, bwana!

Zamani misonobari ya majani marefu ilienea ekari zipatazo milioni 90. Wakaja wapasua mbao na wakulima, zikabaki kama milioni 3. Masalia hayo yakalindwa yasiungue, na ulinzi huo ndio ulioniduwaza. Moto mwepesi wa nyasi ulikuwa ukifagia chini ya miti tangu kale. Ulipozuiwa, vichaka vikaota, vikapanda mpaka usawa wa matundu, ndege akahama. Mwaka 1970 akaingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kichekesho ni kwamba katika kambi ya jeshi ya Fort Bragg, North Carolina, mizinga ya mazoezi iliwasha nyasi mara kwa mara, na vigong'ota wakaendelea kuishi humo.

Septemba 1989 kimbunga Hugo kikaupiga msitu wa Francis Marion, South Carolina. Kwa usiku mmoja tu, sehemu kubwa ya miti yenye matundu ikalala chini, na zaidi ya nusu ya vigong'ota wa pale wakafa. Waliosalia walale wapi? Mti mzee haupandwi leo ukapatikana kesho. Basi watu wakapanda ngazi na misumeno ya mashine, wakachimba shina lililosimama, wakapachika ndani yake sanduku la mbao lenye tundu tayari. Ndege wakaingia.

Sanduku peke yake lisingetosha. Wahifadhi wakafyeka vichaka, wakarudisha moto kwa makusudi, kila baada ya miaka michache.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 yalihesabiwa makazi 1,470 ya familia za ndege hawa. Kufikia 2024 yalikuwa kama 7,800. Oktoba mwaka huo serikali ikamshusha daraja la hatari, ingawa wahifadhi wengine walipinga. Nami nawaelewa: masanduku yale huchakaa, na mtu na ngazi yake bado wako kazini.