"Shamba Langu": Historia Fupi ya Miliki ya Ardhi Mkoani Kwetu

Mkulima wa Unyaturu au wa Iramba asemapo "shamba langu", hana shaka na neno hilo. Ni lake kwa kuwa baba yake alilifyeka, mama yake akalitilia samadi ya zizini miaka mingi, na majirani wote wajua mpaka wake unapopita. Lakini mwanasheria atamwuliza kwanza: ni lako kwa miliki gani? Kwa kuwa Chama chetu Kikuu kinatimiza miaka kumi, na kwa kuwa mazao ya ushirika hayaoti hewani, twaona yafaa swali hilo lijibiwe humu.

Lugha ya wanasheria wetu ilitoka Uingereza. Huko, kwa desturi ya kale, ardhi yote hushikwa chini ya Mfalme, na mtu huwa na fungu la haki tu juu yake. Sheria yao ya mwaka 1925 ilibakiza mafungu makuu mawili: miliki isiyo na ukomo, ambayo mtu huirithisha au kuiuza apendavyo, na miliki ya muda, ambayo mpangaji hupewa kwa mkataba, na muda ukiisha ardhi humrudia aliyempangisha.

Kwetu mambo hayakugawanyika hivyo. Malisho yalikuwa ya wote. Shamba lililotiwa samadi karibu na kaya lilikuwa la nyumba yake. Mnyaturu aliyeoa wake wawili hakuyachanganya mashamba yao, bali wana wa kila mama walirithi ya nyumba yao. Haifai kuficha kwamba katika desturi hiyo binti hakupata sawa na kaka yake.

Wakaja Wadachi. Amri yao ya mwaka 1895 ilisema kwamba ardhi isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ni mali ya Dola. Nani angethibitisha kwa karatasi jambo ambalo ushahidi wake ni samadi na kumbukumbu za wazee? Walowezi wakapewa miliki zisizo na ukomo, hasa kwenye milima ya kaskazini. Singida ukame wetu ulitukinga, kwani wachache waliitamani nchi hii kwa kulima. Walichokitaka zaidi kilikuwa chini ya udongo, yaani dhahabu ya Sekenke.

Waingereza, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, waliitangaza nchi nzima kuwa ardhi ya umma chini ya Gavana, naye aliweza kutoa haki ya kukalia ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Mwaka 1928 sheria ikarekebishwa ili imtambue pia mwenyeji aishiye juu ya ardhi kwa desturi za kwao. Maneno yalikuwa mazuri, ila ngao yake ilikuwa nyepesi. Mwaka 1951 Wameru wa Engare Nanyuki waliondolewa kwa nguvu ili nchi yao ipewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kupeleka mashtaka yao mbele ya Umoja wa Mataifa.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipendekeza Waafrika nao wapewe miliki isiyo na ukomo. Mwalimu Nyerere alipinga katika makala yake "Mali ya Taifa". Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote. Kilicho cha mtu hasa ni jasho alilolimwaga juu yake. Alihofu kwamba ardhi ikifanywa bidhaa, wachache wenye fedha wataimaliza. Ndiyo maana mwaka 1963 miliki zote zisizo na ukomo ziligeuzwa kuwa za kupanga kwa Serikali, miaka 99, na mwaka 1969 hizo nazo zikageuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi.

Hoja ya jasho ilikuwa njema, lakini haikulindwa daima. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi vijijini. Watu walihamishwa, na wengi wakayaacha mashamba yaliyolishwa samadi kizazi baada ya kizazi. Baadaye wengine walidai ya kwao mahakamani, na mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kuyazima madai hayo. Mwezi wa Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaamua shauri la baba na mwanawe wa mkoani Arusha: haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na aliyeitolea ardhi jasho lake astahili fidia ya haki hata kama hakujenga nyumba wala kupanda mti wa kudumu. Kwa maoni yetu hukumu hiyo ilifaa kusomwa katika kila mkutano wa kijiji. Samadi ya mama yetu ilikuwa imepata kutambuliwa na sheria.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ikaweka wazi kwamba haki ya kimila ni sawa kwa hadhi na haki itolewayo kwa hati ya Serikali. Yaweza kuwa bila ukomo, nayo hurithishwa. Na desturi imnyimayo mwanamke ardhi kwa sababu ya uanamke wake ni batili.

Limebaki jambo la ghala. Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, mali zao zilihamia mikononi mwa wengine, na ushirika uliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982 mabishano ya viwanja na maghala hayakukosekana nchini. Sheria ya mwaka 1999 imekitaja chama cha msingi cha ushirika kwa jina miongoni mwa wanaoweza kuomba hakimiliki ya kimila. Maombi hupelekwa kwa Halmashauri ya Kijiji, nayo haiwezi kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujakubali. Kamati ya chama ambacho ghala lake limesimama juu ya kiwanja kisicho na hati yaweza kulileta shauri hilo katika mkutano ujao wa kijiji chake.