Wakili Aliyetaka Kuishi kwa Jembe

Ndugu msikilizaji, katika miji yetu kuna maneno ambayo husikika sana siku chache baada ya mshahara kupokelewa na kwisha: "Afadhali niache kazi nikalime." Karani huyasema akisubiri basi, mhasibu huyasema akilipa kodi ya nyumba, na meneja naye huyasema akiwa amechoka kutumwa na wakubwa zake. Wengi huyasema kwa hasira tu, na kesho yake asubuhi utawakuta mezani pao. Lakini wapo wanaoyatekeleza. Huandika barua ya kuacha kazi, hukusanya akiba yao, na huelekea shambani wakiwa na nia ya kula walichokilima na kutomwita tena mtu yeyote bosi.

Leo sitaki kuwacheka watu hao, wala sitaki kuwasifu. Nataka tumtazame mtu mmoja aliyekuwa na hamu hiyo hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, katika bara letu hili hili. Mtu huyo ni Mohandas Gandhi, ambaye baadaye dunia ilimwita Mahatma.

Gandhi aliingia Afrika Kusini mwaka 1893, akiwa wakili kijana aliyeletwa na kampuni ya wafanyabiashara wa Kihindi kusaidia katika kesi yao. Kufikia mwaka 1904 alikuwa na ofisi yake Johannesburg na wateja wa kutosha. Kwa kipimo cha mjini alikuwa amefika. Kule Durban kulikuwa na gazeti lililoanzishwa mwaka 1903 kwa jina la Indian Opinion, nalo lilikuwa likila fedha zake. Kuna wakati alilazimika kupeleka hadi pauni 75 kila mwezi ili lisife.

Ndipo alipopanda treni kutoka Johannesburg kwenda Durban kutazama hesabu. Rafiki yake, Henry Polak, alimpa kitabu cha kusoma njiani, Unto This Last cha Mwingereza John Ruskin. Safari ilikuwa ya saa 24 hivi, na Gandhi hakulala. Alitoka humo na mambo matatu moyoni: kwamba heri ya mtu mmoja imo ndani ya heri ya wote, kwamba kazi ya wakili na kazi ya kinyozi zina thamani moja, na kwamba maisha yanayostahili ni ya mkulima na ya fundi wa mikono. Kulipopambazuka alikuwa tayari kuyaweka mambo hayo katika vitendo.

Haukupita muda mrefu akanunua shamba mahali panapoitwa Phoenix, maili 14 kutoka Durban. Kwanza alinunua ekari 20, kisha ekari 80 zilizopakana nazo, na yote kwa jumla yaligharimu pauni 1,000. Mtambo wa kupigia chapa ukapakiwa na kuhamishiwa huko. Kila mkazi alipangiwa ekari tatu za kulima na pauni tatu kwa mwezi za matumizi, mweupe kwa Mhindi, mwenye kisomo kwa asiye nacho. Mwanzoni walilala katika mahema, kwenye nyasi ndefu zenye nyoka. Usiku wa kwanza wa kuchapa gazeti injini ya mafuta iligoma, ikabidi mafundi seremala waliokuwa wamelala waamshwe wazungushe gurudumu kwa mikono hadi asubuhi. Gazeti lilitoka.

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mtu aliyefunga ofisi akashika jembe. Mimi naomba tuishike kwa mkono wa mhasibu, tuhesabu kilichokuwamo.

Shamba lile lilikuwa na chemchemi ya maji. Lilikuwa na michungwa na miembe iliyokwisha kupandwa na mtu mwingine, na nyumba moja ya zamani iliyochakaa. Mabati ya banda la mtambo yalitolewa na tajiri rafiki wa Gandhi, Parsi Rustomji, aliyekuwa mfanyabiashara wa Durban. Maseremala na waashi waliolijenga walikuwa Wahindi waliopata kufanya kazi pamoja naye wakati wa vita vya Makaburu, na banda lenye urefu wa futi 75 likasimama kwa muda usiotimia mwezi mmoja. Kulikuwa na ufundi mwingine mbali na kilimo, yaani uchapaji. Na kulikuwa na zile pauni tatu za kila mwezi, mvua inyeshe au isinyeshe.

Zilitoka wapi fedha hizo? Sehemu kubwa ilitoka katika ofisi ya wakili wa Johannesburg. Gandhi alikusudia kuacha uwakili hatua kwa hatua, ahamie Phoenix na kuishi kwa kazi ya mikono yake. Haikuwa hivyo. Alirudi mjini kwa wateja wake, na yeye mwenyewe ameandika kwamba daima alisikitika kuwa, ingawa ndiye aliyeanzisha makazi yale, aliweza kukaa huko kwa vipindi vifupi tu. Mwaka 1906 mkewe Kasturba na watoto walihamia Phoenix, naye baba akaendelea kuitwa na kazi za Johannesburg. Wenye wake na waume wanielewe hapo: uamuzi wa kwenda shambani huweza kutolewa na mtu mmoja, lakini maji huchotwa na nyumba nzima.

Mwaka 1910 alijaribu tena, safari hii akiwa na rafiki yake Hermann Kallenbach, msanifu wa majengo. Kallenbach alinunua ekari 1,100 maili 21 kutoka Johannesburg, mahali penye visima viwili, chemchemi na miti ya matunda ipatayo elfu moja, wakapaita Shamba la Tolstoy. Kallenbach akajifunza kutengeneza makubazi kwa watawa wa Mariannhill akaja kuwafundisha wenzake. Humo ziliishi familia za watu waliofungwa kwa kupinga sheria za ubaguzi. Hapo ndipo Gandhi alipoishi maisha ya shamba hasa. Lakini ardhi ile ilitokana na fedha za msanifu, na harakati zile zilisaidiwa kwa michango, mingine kutoka India.

Sisemi haya ili kumpunguzia sifa. Nayasema kwa sababu pembeni mwa mashamba hayo walikuwapo watu ambao hawakuhitaji kitabu cha Ruskin kuwafundisha utamu wa jembe. Wazulu wa Natal walikuwa wakulima na wafugaji tangu mababu zao. Serikali ya koloni iliwatoza kodi ya kibanda, kisha mwaka 1906 ikaanza kukusanya kodi ya kichwa ya pauni moja kwa wanaume wasiolipa ile ya kibanda. Pauni haioti shambani. Ili kuipata ilimbidi kijana aache ng'ombe aende mgodini au kwa mzungu mwenye miwa. Waliokataa, chini ya Bambatha, walipigwa kwa bunduki mwaka huo huo. Mwaka 1913 ikaja sheria ya ardhi iliyowakataza Waafrika kununua ardhi nje ya maeneo madogo waliyotengewa. Kwa hiyo katika miaka ile ile, wakili alikuwa akiuacha mshahara aende kwenye jembe, na mkulima alikuwa akinyang'anywa jembe aende kwenye mshahara.

Sisi hapa hatukuwa mbali na hayo. Kodi ya kibanda ya Wajerumani ilianza mwaka 1898, na wazee wetu wengi waliishia kukata mkonge kwa ajili ya kuilipa. Baada ya Uhuru njia ikageuzwa. Mwaka 1983 tulikuwa na Nguvu Kazi, watu walioonekana hawana kazi mjini walikamatwa na kupelekwa mashambani. Wengi walirudi. Walipelekwa kwenye jembe bila chemchemi, bila miembe ya kuanzia na bila zile pauni tatu za Phoenix, kisha wakaitwa wavivu.

Ndugu msikilizaji, jambo ninaloliona katika historia hii ni moja. Hakuna shamba lililoanza bila mkoba. Kwa Gandhi mkoba ulikuwa uwakili, kwa mkata mkonge mkoba ulikuwa mshahara mdogo aliotuma nyumbani, na kwa mfanyakazi wa leo mkoba ni ile akiba anayotaka kuimaliza kwa kununua ekari. Mahindi hukubali kusubiriwa miezi minne hivi, mchungwa hudai miaka kadhaa, na mnazi hudai zaidi. Chumvi, dawa, daftari la mtoto na nauli havisubiri. Anayetumia fedha yote kununua ardhi amenunua njaa ya mwaka wa kwanza.

Basi mtu anayetaka kweli kuondoka mjini na ajiulize kwa utulivu. Maji yako wapi wakati wa kiangazi? Hati ya shamba ina jina la nani? Mwenzangu wa nyumbani amekubali, au amenyamaza? Ni ufundi gani mwingine ninao mikononi, utakaoniingizia senti mvua ikikosekana? Na nani atalipa miezi kumi na minane ya kwanza? Akiwa na majibu, na aende, na mimi nitampongeza. Kama hana, na abaki na mshahara wake huku akipanda miti Jumamosi. Hata Gandhi alipanga kutoka polepole, na bado mji ulimshika mkono.

Gandhi aliondoka Afrika Kusini mwaka 1914. Phoenix iliendelea chini ya mwanawe na watu wengine. Mwaka 1985, wakati wa machafuko ya Inanda, majengo yake yalichomwa moto, na baadaye yakajengwa upya. Anayefika huko leo haoni tena nyasi ndefu na nyoka. Anaona vibanda vya mtaa uitwao Bhambayi, jina lililotokana na Bombay, na wengi waliohamia humo walitoka mashambani kutafuta kazi mjini. Shamba la wakili aliyetaka kuukimbia mji limezungukwa na mji, na walioujaza ni watoto wa wakulima.